Maneno ya Carine

Burhani alimwambia Mauwa ukweli, na ukweli huo ndio uliomfukuza dukani.

"Mama, tundu la chaji limevunjika, basi," alisema, akiigeuza ile kompyuta taratibu juu ya kaunta. Alikuwa mtu wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka, na duka lake jembamba lilibanwa na muuza viatu na muuza simu pale barabara ya Chaussée d'Ixelles, Brussels. "Password sihitaji, usinipe. Ila kabla sijaigusa, humu ndani kuna kitu hutaki kipotee?"

Mauwa akasema kipo.

"Basi niletee flash. Nitaitoa diski mbele ya macho yako, tunakili hicho kitu, uende nacho nyumbani mwenyewe. Halafu utatia sahihi hapa kwamba data ikipotea, duka halihusiki. Risk ipo kwa kila mashine, mama, sitaki kukudanganya."

Hapo ndipo alipomkosa. Mauwa kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee huko Ixelles, na kwa karatasi za kutia sahihi si mgeni. Lakini amezaliwa Bukavu, na katika Bukavu aliyoijua yeye, daktari anayekupa karatasi usaini kabla ya kukupasua ni daktari ambaye ameshakuona maiti. Mtu anayetaja hasara kabla hajashika kazi, anaitaka hiyo hasara. Aliifunga kompyuta yake ndani ya kitenge, akasema atarudi, akatoka. Burhani alimtazama akivuka barabara, akaita mteja mwingine.

Kitu chenyewe kilikuwa video. Ndani yake yumo Carine, dada yake Mauwa, amelala kwenye kitanda cha hospitali, amekonda, muuguzi amemshikia simu. Anazungumza na mtoto wake ambaye wakati huo hata kutembea hajatulia. Anamwambia kwamba siku atakapotimiza miaka kumi na nane, Mauwa atamwonyesha hii, amsikie mama aliyemzaa. Carine hakufika mwisho wa wiki ile. Vita vilipokuja, Mauwa alimfunga mtoto mgongoni akavuka kwenda Burundi, na kambini walipomuuliza una watoto wangapi, akajibu mmoja. Wala hakuona kama amedanganya. Kwao mtoto wa dada yako ni mtoto wako, kwisha. Lakini karatasi za Ubelgiji hazijui hayo. Zimeandika Ornella, binti wa kuzaa wa Mauwa na mumewe Bertin. Na Ornella naye hajui zaidi ya karatasi.

Kadi ya ile simu ilipotea zamani. Video ilibaki mle kwenye kompyuta peke yake, na mwisho wa mwezi Ornella alikuwa anatimiza kumi na nane.

*

Kanisa lao liko Matonge, mtaa wa Wakongo hapohapo Ixelles, ukumbi mrefu nyuma ya saluni, ambako harufu ya mafuta ya nywele haitoki hata kwa maombi. Baada ya mazoezi ya kwaya Mauwa alimfuata Guylain, mpiga kinanda, kijana wa Uvira anayetengeneza kompyuta katika kichumba ndani ya galerie, jengo la maduka.

"Lete tu, maman," Guylain alisema. "Ni trou ya chargeur, ile haiko kazi. Dimanche utaipata."

"Hautapoteza kitu?"

"Miye ni mutoto yako. Kitu gani itapotea mu mikono yangu?"

Maneno matamu hayo. Ndiyo Mauwa aliyoyataka tangu mwanzo, na moyo wake ukatua.

"Bon. Mot de passe?"

Mauwa akakumbuka kwamba yule wa Tanga alisema password usinipe. "Unaitaka ya nini? Si ni trou tu?"

Kina mama walikuwa wakipanga viti, na maman Émérance, mkubwa wao, alisikia. "Eh, Mauwa. Unaogopa ndugu yako mu Kristo? Uko na nini mule ndani, siri ya serikali?"

Wakacheka. Kicheko chenyewe si kibaya, ni cha watu wanaopendana. Lakini mtu wa kanisa lile akimnyima ndugu yake ufunguo mbele ya kina mama, amemwita mwizi. Na kina mama haohao ndio waliompokea Mauwa na koti alipofika Brussels na baridi yake, na hao ndio waliokesha naye alipofiwa na baba. Akalitaja neno lake la siri kwa sauti, watu wote wakisikia: Carine, na mwaka. Wenyewe husema mdomo huponza kichwa, na wa Mauwa ulifanya kazi hiyo akiwa anatabasamu.

"Unaona?" Émérance akasema. "Haukukufa."

*

Kulitengeneza tundu la chaji hakukumchukua Guylain muda. Kompyuta ikawaka. Angeweza kuifunga hapo, na mimi nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Lakini aliandika lile neno la siri, akaingia, akatembeza macho kama mtu aliyeachwa peke yake sebuleni kwa watu. Akaona faili limeandikwa jina la Ornella. Akalifungua.

Aliitazama video yote, na haki lazima isemwe, alilia. Kisha akafuta machozi akampigia simu nabii Onésime.

Nabii huyu alikuwa anaishi Ufaransa na kuja Brussels kwa mialiko. Hakuwa mpiga kelele. Alikuwa na sauti ya upole na suti ya kijivu, na ana ahadi na Guylain: siku moja atamchukua azunguke naye kupiga kinanda Ulaya nzima. Zamani alishamwambia, "Watumishi wa Mungu tuko na haja ya macho. Wale bantu wanakuletea machine zao, uniambie mizigo yao, nijue kuomba." Na Guylain alikuwa ameshamwambia mizigo midogo midogo ya hao bantu, watu wa kanisa: huyu anadaiwa, yule anaandikiana na mke wa mtu. Wa Carine ulikuwa mkubwa kuliko yote.

"Usinitumie kwa simu," Onésime alisema. "Niletee disque yenyewe. Halafu hakikisha yeye hana ingine."

*

Jumapili kompyuta ilirudi imepanguswa vizuri. Nyumbani Mauwa akaiweka juu ya meza ya jikoni, akachomeka chaji, taa ikawaka, akamshukuru Mungu. Ilipofunguka haikumwuliza neno lolote la siri. Ilikuwa tupu. Hakuna faili, hakuna picha, kuna ukuta wa buluu tu.

Bertin, mumewe, alikuwa amerudi kutoka kazini. Anasafisha vituo vya metro, hata siku za Bwana. Alisimama nyuma ya mke wake na viatu vyake vya kazi bado mguuni. "Fungua ile video."

"Haiko."

"Namna gani haiko?"

Mauwa akampigia Guylain. Guylain alikuwa na jibu tayari, na alilitoa kwa upole uleule. "Maman, disque ilikuwa imekufa. Nilikuwekea ingine, ya bure, kwa sababu ni weye. Ile ya zamani nilitupa."

"Ulitupa wapi? Nitakwenda kuitafuta."

"Ku poubelle, maman. Ilishaendaka na takataka."

Mauwa alikata simu akaweka mikono juu ya meza. Bertin hakumkemea. Angemkemea ingekuwa nafuu. "Ile Mutanzania alikuambia ufanye kopi," alisema tu. "Weye mwenyewe ulinielezea, ukimucheka."

"Najua, Bertin."

"Sasa tutamwambia mutoto nini?"

Wakakubaliana wangoje, labda watamwambia kwa mdomo, bila Carine. Na Mauwa, akiosha sufuria, akajikuta anayarudia maneno ya dada yake moja baada ya jingine, asije akayasahau. Aliyajua yote. Alikuwa ameyasikiliza kila mwaka siku ya msiba.

*

Jumapili iliyofuata nabii Onésime alikuja. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni mwa saluni. Guylain alikuwa kwenye kinanda, akipiga taratibu, na hakuinua macho.

Onésime aliwaombea watu wawili watatu, kisha akaweka kidole sikioni. "Ninasikia jina. Carine." Akatembea kati ya viti. "Carine anatafuta mutoto yake. Iko mutoto hapa, anaimba mu kwaya. Ornella."

Ornella alisimama. Alikuwa msichana mrefu, mtulivu, wa kusoma, ambaye hapendi kuitwa mbele. Tante Carine alimjua kwa jina tu, tante, dada wa mama aliyefariki, picha moja ukutani.

"Mama yako anasema: Ornella, kibibi yangu, usilie," Onésime alisema kwa sauti ya chini, watu wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. "Anasema: ile alama iko ku goti yako ya kushoto, haukuanguka. Ni moto ya mbabula. Ni miye niliacha mbabula karibu yako, unisamehe."

Mbabula ni lile jiko la makaa. Ornella aliinama akashika goti lake juu ya sketi. Kila siku alikuwa ameambiwa alianguka kwenye mawe.

Mauwa, kiti cha nne, aliganda. Hayo hayakuwa maneno ya roho. Yalikuwa ya Carine, neno kwa neno, mpaka pale Carine alipokohoa katikati ya "unisamehe" na nabii naye akapumua katikati ya "unisamehe". Alimtazama Guylain. Guylain alitazama vidole vyake.

"Maman yako alikufa Bukavu," nabii akaendelea. "Ule mwenye unaita maman, amekaa pale, ni dada yake. Walikuficha. Lakini kwa Mungu hakuna kufichwa."

Watu walilia, wengine wakapiga makofi. Maman Émérance aligeuka, akamtazama Mauwa kama mtu aliyemkuta na pochi yake mkononi.

*

Nyumbani Ornella hakuvua koti. Alisimama jikoni.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Mauwa alisema. "Carine ndiye alikuzaa. Miye nilikulea. Nilitaka kukuambia ku anniversaire yako, ukitimiza kumi na nane, yeye mwenyewe alisema vile, kulikuwa video, mama yako anaongea—"

"Iko wapi?"

"Baliiba. Guylain aliiba mu ordinateur, akamupa ule nabii. Yale maneno yote anatoa mule."

Ornella alimtazama. Alikuwa na macho ya Carine, hilo lilikuwa linamtesa Mauwa tangu zamani. "Donc, nabii ni mwizi."

"Ni mwizi."

"Weye ulinidanganya dix-sept ans, miaka kumi na saba. Papa alinidanganya. Yeye ananiambia ukweli siku moja tu, alors yeye ndiye mwizi." Hakupandisha sauti. "Nionyeshe video."

"Nimekuambia haiko."

"Voilà. Unaona?"

Bertin akaingilia kati. "Mutoto, muheshimu mama yako."

"Mama yangu yupi, papa?"

Bertin aliwahi kukimbia vita na kulala msituni, lakini swali lile lilimshinda, akatoka akaenda kukaa kwenye ngazi za jengo. Ornella alijifungia chumbani. Tangu siku ile Mauwa hakuitwa tena jina lolote na mtoto yule. Si maman, si weye. Alikuwa akisema "chumvi iko wapi" kwa ukuta.

*

Bertin ndiye aliyeipeleka kompyuta kwa Burhani. Aliona aibu kuingia, akajitambulisha kama mume wa yule mama aliyekimbia, akaeleza aliyoyasema Guylain. Burhani hakucheka. Aliifungua mashine akachungulia.

"Tundu amelitengeneza vizuri, fundi anajua kazi. Diski hii si ya hapa, ni kuukuu, imetolewa kwenye mashine nyingine." Akainua kichwa. "Alisema ile ya kwanza imekufa?"

"Alisema vile."

"Na password alichukua?"

"Alichukua."

"Baba, diski iliyokufa haifunguliwi kwa password. Kama ilifunguka, ilikuwa hai."

Bertin aliyabeba maneno hayo mpaka galerie, Mauwa akiwa naye. Walimkuta Guylain peke yake katikati ya mashine zilizopasuliwa. Alikana. Kisha Bertin akamweleza kuhusu diski hai na iliyokufa, na Guylain akakaa chini.

"Siiko nayo," alisema. "Nabii alichukua. Maman, naapa, nilizani ni ujumbe ya Mungu. Ule mutoto alikuwa na haki ya kujua."

"Yeye alikuwa na haki. Weye ulikuwa na haki gani?" Mauwa alisema. "Umuombe airudishe. Ni dada yangu mule. Siko na ingine."

"Hatanipa."

"Basi tunaenda ku police," Bertin alisema.

Guylain alimtazama, na usoni mwake hamkuwa na ubaya, mlikuwa na woga, jambo ambalo ni baya zaidi. "Papa Bertin, mukifika ku police batauliza video ni ya nini. Mutabaambia Ornella ni mutoto ya nani? Na ba papiers yake?"

Mauwa alishika ukingo wa meza. Karatasi ya Ornella, shule yake, kitambulisho chake, vyote vimesimama juu ya neno lile moja alilolisema kambini, na neno lile Mauwa ameshalirudia mbele ya maofisa wa nchi hii kwa sahihi yake. Wakishtaki, wa kwanza kuulizwa ni wao, na wa kwanza kuumia ni mtoto.

"Mungu anakuona, Guylain," Mauwa alisema.

"Najua, maman," Guylain akajibu. Alionekana kuamini.

*

Siku ya kuzaliwa Ornella hakutaka keki. Alikwenda kanisani. Nabii alikuwa ameahirisha safari yake kwa ajili ya kazi hii, na watu walikuwa wanakuja hata kutoka miji ya Anvers na Liège kumsikia binti anayeongeleshwa na mama yake aliyekufa. Vikapu vya sadaka vilizunguka mara mbili.

Mauwa naye alikwenda, siku hiyo na Jumapili zilizofuata. Kina mama walikuwa wameacha kumsalimia, kwa hiyo alikaa nyuma, karibu na mlango wa saluni. Bertin alimwambia asijitese. Hakuelewa. Mauwa alikuwa anakwenda kumsikiliza dada yake. Ndiyo sauti pekee ya Carine iliyobaki duniani, na ilikuwa inatoka kinywani mwa mwizi, kidogo kidogo, kama dawa inayopimwa kwa kijiko. Jumapili moja alitoa habari ya kitenge cha njano alichombebea mtoto. Jumapili nyingine, wimbo aliomlazia. Ornella alikuwa akisimama mbele, machozi yakimtiririka, na usoni ana furaha ambayo Mauwa hakuwahi kumpa. Mauwa huku nyuma alitikisa midomo, akitangulia neno moja mbele ya nabii.

Alikuwa na tumaini moja, na ndilo lililomleta kila wiki. Aliujua mwisho wa video. Carine alipokwisha kuchoka kabisa, alimfanyia muuguzi ishara asizime bado, akasema: "Ornella, Mauwa ndiye mama yako. Usimuulize juu yangu kwa hasira. Umuite maman, na miye nitaitika." Basi. Baada ya hapo ni dari la hospitali. Mauwa alihesabu kilichobaki: bado jina la babu tu, halafu hayo. Nabii atayafikia tu. Hawezi kuyaruka, na mtoto akiyasikia kwa kinywa kilekile anachokiamini, atageuka nyuma na kumtazama.

Jumapili ile nabii alitaja jina la babu. Ornella akaitikia kwa kichwa. Mauwa akasogea mbele kwenye kiti, mikono imebana mkoba. Guylain alipunguza kinanda mpaka kikawa mnong'ono. Hata yeye alikuwa anajua kinachofuata. Aliitazama ile video yote.

Onésime akaweka kidole sikioni.

"Mama yako anasema: Ornella, ile nyumba unakaa si nyumba yako. Utoke mule. Bantu ya Mungu batakupokea."

Carine hakusema hivyo. Carine hakuwahi kusema hivyo popote.

Mauwa alijikuta amesimama. "Anadanganya," alisema. Sauti haikuwa kubwa lakini watu waligeuka. "Hakusema vile. Alisema, Ornella, Mauwa ndiye mama yako. Usimuulize juu yangu kwa hasira. Umuite maman, na miye nitaitika. Guylain, sema. Uliona. Sema mbele ya bantu."

Kinanda kilikatika. Guylain aliinua macho, mara ya kwanza tangu siku ile, akamwangalia Mauwa, kisha akamwangalia nabii. Midomo yake ilifunguka. Maman Émérance alikuwa ameshafika pembeni mwa Mauwa akimshika mkono, si kwa nguvu, kama wanavyomshika mfiwa. "Kaa chini, Mauwa. Wivu si muzuri mu nyumba ya Mungu."

Ornella aligeuka. Alimtazama Mauwa moja kwa moja, kwa macho yale ya Carine, na baada ya wiki zote zile za kusema na ukuta, akamwita.

"Tante," alisema, kwa adabu, kama anavyosema na watu wazima wa kanisani. "Tafazali, tante. Niache nimusikie mama yangu."

Mauwa alikaa. Guylain alifunga mdomo, akarudisha vidole kwenye kinanda, na ibada ikaendelea.